Mkao wa mwanzo unaficha makosa

Kabla programu ya sataranji haijafikiri lolote, lazima ijue kuorodhesha hatua halali. Kuipima, watu hutumia pafti: kompyuta inacheza kila hatua inayowezekana hadi kina fulani (yaani idadi ya hatua mbele, za pande zote mbili), inahesabu njia zote, na jumla inalinganishwa na ile iliyokwisha kuthibitishwa. Ubishi ni kuhusu mkao upi wa vipande hesabu hiyo ianzie.

Wanaotetea mkao wa mwanzo wa mchezo wana hoja ya kweli. Kila mtu anaujua, na jumla zake zimehakikiwa na programu nyingi zisizohusiana: kina cha 5 ni 4,865,609, cha 6 ni 119,060,324. Tatizo ni kwamba hadi kina hicho cha 6 hakuna kaslingi (mfalme na ngome kusogea kwa hatua moja) hata moja, wala askari aliyefika mstari wa mwisho na kugeuzwa kipande kingine. Programu isiyojua kabisa kanuni hizo mbili itatoa 119,060,324 bila kupungua hata moja, na mwandishi wake atalala akiamini amemaliza kazi.

Mkao wa majaribio uitwao Kiwipete haumpi nafasi hiyo. Una hatua 48, mbili zikiwa kaslingi. Aliyezisahau anapata 46 kwenye kina cha 1. Ninaoupenda zaidi hauna vishindo: mfalme mweusi yuko h4, askari wake f4, ngome nyeupe b4, na askari weupe e2 na g2. Mweupe akisukuma e4, askari mweusi anaonekana ana ruhusa ya kumla kwa kupita, yaani kumla askari aliyeruka miraba miwili kana kwamba amesogea mmoja tu. Lakini akifanya hivyo askari wawili wanaondoka mstari wa nne kwa pamoja na mfalme anabaki mbele ya ngome. Kwa g4 ni vilevile. Kina cha 2 kina njia 191. Asiyeuona mtego huu anahesabu 193.

Hesabu hiyohiyo hutumika pia kupima kasi ya programu. Hata hivyo, mikao ya mitego haifai kupimia kasi, na hapa ndipo wengi wanapochanganya mambo. Mwaka 1964 Nenad Petrović, mtunzi wa mafumbo ya sataranji, alitunga mkao wenye hatua 218. Programu inayohesabu hatua za kina cha mwisho bila kuzicheza itaonekana ina mbio za ajabu hapo, kwa kuwa orodha moja inaingiza 218 kwa mkupuo. Mfalme akiwa anashambuliwa hali hugeuka: kazi ya ukaguzi ni ileile au zaidi, hatua ni chache. Kwa kasi mimi ningechukua mikao ya michezo halisi, ya katikati na ya mwishoni, ikiwamo michache ambayo mfalme anashambuliwa.

Mtu atasema mikao hiyo haina jumla zinazojulikana. Ni kweli, ila programu mbili zilizoandikwa na watu tofauti zikikubaliana, jumla imepatikana. Gumu zaidi ni kwamba anayetangaza kasi mara nyingi hasemi kama hatua za mwisho alizicheza au alizihesabu tu, na bila hilo hata namba mbili za kasi za mkao mmoja hazilinganishiki.