Tunduma au Vwawa? Kuchagua mji mdogo wa kuhamia na mtaji wako

Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, na ndani yake kuna miji miwili iliyo kwenye barabara moja kuu lakini haifanani hata kidogo. Tunduma iko mpakani na Zambia: maroli ya shaba na mafuta, reli ya TAZARA, wabadilisha kwacha, na njia ya kwenda Sumbawanga inachepukia hapo hapo. Vwawa ni makao makuu ya mkoa: ofisi, walimu, wauguzi, na kahawa ya Mbozi pembeni. Anayetaka kuhamia mji mdogo hukutana na chaguo la aina hii karibu kila pembe ya Tanzania. Ama mji ambao pesa inapita, ama mji ambao pesa inakaa.

Wanaoisifia Tunduma wana hoja nzito. Dereva aliyekwama kwenye foleni atakula, ataoga, atalala, ataweka vocha na atamtafuta fundi wa matairi hata saa nane usiku. Mzigo wa jumla unavukia Nakonde, mji wa upande wa Zambia, kwa fedha taslimu. Tena mji wa mpakani haukuulizi ulitoka wapi. Karibu kila mtu ni mgeni, kwa hiyo huhitaji miaka mitatu ya kujuana ndipo uuze. Kwa mwenye mtaji unaozunguka haraka, kama vile vipuri, nyumba ya wageni au vinywaji vya jumla, ni vigumu kumwambia aende kwingine.

Tatizo ni kwamba pesa hiyo inaamuliwa na watu wasioishi hapo. Mei 2020, wakati wa korona, Zambia ilifunga mpaka wa Nakonde, na wateja wa ng'ambo wakakatika ghafla. Kwacha ikishuka, bei yako inapanda machoni mwa mteja hata kama hujagusa kibao. Hata mambo mema yana upande wa pili: forodha ikiharakisha ukaguzi, roli halilali, na mama lishe anapoteza sahani za usiku. Wenye nyumba za wageni kwenye miji ya njiani nao wanapaswa kupiga upya hesabu tangu mabasi ya abiria yaruhusiwe tena kusafiri usiku mwaka 2023.

Miji ya zao moja ina hatari inayofanana na hiyo, ila yake inakuja kwa kalenda. Masasi, Newala na Tandahimba huchangamka minada ya korosho inapoanza Oktoba, na ukifika Novemba utadhani umegundua mgodi. Msimu wa 2018 wakulima waligomea bei za minadani, Serikali ikaamua kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, kisha malipo yakachelewa kwa uhakiki. Muuza mabati aliyeagiza mzigo akitegemea Desemba alibaki nao.

Tupige hesabu ya fremu, yaani chumba cha duka cha kupanga, maana ndipo wengi wanapoumia. Chukulia kodi ni 150,000 kwa mwezi na mwenye nyumba anataka ya mwaka mzima, yaani milioni 1.8, kabla hujanunua hata rafu moja. Ukiuza vyakula kwa faida ya asilimia 12, kodi peke yake inadai mauzo ya 1,250,000 kwa mwezi, kama 48,000 kwa siku ukifungua siku 26. Bado umeme, leseni, mlinzi na chakula chako. Sasa mji ukiwa na miezi minne tu ya maana, kodi ya miezi 12 inabebwa na hiyo minne: mauzo ya milioni 3.75 kwa mwezi, zaidi ya 144,000 kila siku, kulipa paa tu. Ndiyo maana mji wa msimu unamfaa anayekuja na mzigo na kuondoka nao kuliko anayekuja na familia.

Vwawa, au Babati iliyo makao makuu ya Manyara, haitakupa Novemba ya namna hiyo. Inakupa mishahara kila mwezi, wapangaji, wanafunzi, na watu wanaojenga kidogo kidogo mwaka mzima: saruji mifuko mitano leo, nondo mbili mwezi ujao. Huduma za kudumu zinashika hapa: steshenari, duka la dawa, saluni, ufundi wa simu, shule ya chekechea. Dari yake ni fupi, tukubali. Duka la tatu la vifaa vya ujenzi kwenye mtaa uleule haliongezi wateja, linawagawa.

Ugonjwa wa mji wa watumishi ni daftari la madeni. Kuanzia tarehe 10 hivi kila mtu anakopa hadi mshahara utoke, na ukikataa anahamia jirani. Weka kikomo kwa kila mteja na usiruhusu madeni yote yavuke robo ya mzigo ulio dukani. Mtumishi akihamishwa kituo, deni huhama naye.

Kwa mwenye mtaji mdogo asiye na duka lingine la kumshika mkono, mimi ningeelekea mji wa mishahara wenye barabara nzuri kwenda mji wa pesa. Anayeishi Vwawa anaweza kupeleka mzigo Tunduma na kurudi siku hiyo hiyo. Mpaka wa nchi ukifungwa, fremu iliyolipiwa mwaka Tunduma haihami.

Kabla ya kulipa, nenda mji huo mwezi wake mbaya, si wakati wa mavuno, na uhesabu wateja kwenye duka linalofanana na lako siku isiyo ya gulio, kati ya saa 11 jioni na saa 2 usiku. Uliza nauli ya mzigo kwa gunia au katoni kutoka unakonunulia, maana hiyo ndiyo inayokula faida kimyakimya. Jaribu kulipa kodi ya miezi mitatu au sita hata ikiwa juu kidogo kwa mwezi.

Fremu ikiwa kando ya barabara kuu, beba futi kamba. Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Jengo lililo ndani ya hapo linaweza kuvunjwa, na fidia, ikiwepo, atalipwa mwenye jengo, si mpangaji aliyelipa kodi ya mwaka.