Mjomba, Kuku na Namba 51

Toyota Corolla ya mwaka 1994, ambayo Kampala nzima inaiita Kikumi, haina mahali pa kuchomeka kile kifaa kidogo cha Bluetooth ambacho vijana huuza pamoja na chaja za simu, huku wakiapa kwamba kitasoma ugonjwa wa gari lolote. Kifaa hicho kinataka soketi ya matundu 16, ile ambayo Marekani iliilazimisha katika magari mapya kuanzia yale ya mwaka 1996, na gari langu lilikuwa limekwisha kuzaliwa, tena Japani, kwa ajili ya Wajapani wenyewe. Kompyuta yake inajua kusema, ila husema kwa kukonyeza: unaunganisha matundu mawili yaliyoandikwa TE1 na E1 ndani ya kisanduku kidogo kilicho chini ya boneti, unafungua swichi bila kuwasha injini, kisha unahesabu taa ya injini inavyowaka na kuzimika kwenye dashibodi. Ni kazi ya mtu mmoja mtulivu. Mimi nilikuwa na Mjomba.

Mjomba wangu ni sajini mstaafu, na Kiswahili chake ni kile cha kambini, ambacho sentensi yake hata ikiwa salamu husikika kama amri. Nilikuwa nikimrudisha nyumbani Tororo baada ya kuhangaikia pensheni yake mjini, naye faili lake alikuwa amelipakata kama mtoto. Tulipokaribia Namawojjolo taa ya injini ikawaka. Gari halikuwa na dalili nyingine isipokuwa kunywa petroli kupita kiasi, na kwa hiari yangu ningesonga mbele hadi Jinja, lakini Mjomba alipoiona ile rangi ya manjano alitamka neno moja tu, "Simama!", nami nikasimama, kwa kuwa hata mama yangu, ambaye ni dada yake mkubwa, akiisikia sauti hiyo husimama.

Anayeijua barabara ya Jinja anajua kwamba Namawojjolo hasimami mtu asiye na njaa. Kabla sijavuta breki ya mkono, madirisha yote yalikuwa yamejaa vijiti vya kuku wa kuchoma, gonja, yaani ndizi za kuchoma, na chupa za maji, na nyuma ya kila kijiti palikuwa na muuzaji mwenye koti lenye namba, akitaja bei yake kwa sauti ya kumshinda mwenzake. Nilimpigia simu fundi wangu wa Kampala, nikamweka kwenye spika, nikaifungua boneti. Tulihitaji kipande cha waya. Mjomba alipendekeza kijiti cha kuku, na nilipomweleza kwamba mti haupitishi umeme alikubali bila ubishi, ingawa wakati huo kijiti kilikuwa kimekwisha kuvuliwa nyama yote. Hatimaye alichomoa kibanio cha karatasi kutoka kwenye faili la pensheni, kwa uchungu wa mtu anayetoa figo, nami nikakinyoosha na kukichomeka.

Kibanio kilikuwa kikicheza, ikanibidi nibaki pale mbele nikikishikilia, na kwa kuwa aliye chini ya boneti haioni dashibodi, Mjomba aliketi kwenye kiti cha dereva ili ahesabu. Fundi alimweleza vizuri kabisa. Kila mkonyezo ni nusu sekunde. Kati ya tarakimu ya kwanza na ya pili kuna giza la sekunde moja na nusu. Kati ya namba moja na nyingine, sekunde mbili na nusu. Zikiisha zote, giza la sekunde nne na nusu, halafu zinarudiwa tangu mwanzo, ndogo ikitangulia kubwa.

"Kwa hiyo, Afande," fundi alisema, "subiri lile giza refu kwanza, ndipo uanze kuhesabu."

"Askari hasubiri giza!" Mjomba alijibu, akaanza palepale alipoikuta taa.

"Moja! ... Moja, mbili, tatu, nne, tano! ... Moja! ... Moja, mbili!" Alihesabu kama anayekagua gwaride, na wauzaji, ambao huenda walidhani anapatana bei, walimjibu kwa elfu saba, elfu tano, na mmoja elfu kumi pamoja na gonja. Kila namba aliiandika juu ya jalada la faili, kisha akamsomea fundi matokeo: 15, 12 na 42.

Simu ilikaa kimya kwa muda.

"Hiyo 15 sijawahi kuikuta kwenye injini hiyo," fundi alisema. "Na 12 maana yake kompyuta haipati ishara ya mzunguko kutoka kwenye distributa. Gari la namna hiyo haliwaki. Ninyi hapo mmefikaje?"

"Kwa gari," Mjomba alisema.

"Haya. Na 42 ni sensa ya mwendo. Mshale wa spidi ulikuwa unafanya kazi?"

Mshale ulikuwa unafanya kazi bila kasoro. Mjomba alilitazama tena jalada lake, akasafisha koo, akaeleza kwamba 42 si ya gari. Ni namba ya koti la yule binti aliyekwenda kutafuta chenji, naye ameiandika ili asije akatokomea.

Nadhani ni uchovu tu uliomfanya fundi aseme tufute kila kitu na kuanza upya. Njia ya kufuta ni rahisi: unafunga swichi, unang'oa fyuzi iliyoandikwa EFI, yaani ya mfumo wa kuipa injini petroli, unasubiri sekunde 10 au zaidi, unairudisha. Mjomba aliing'oa mwenyewe, akakataa kunikabidhi, kwa hoja kwamba kifaa hukaa na aliyekitoa. Ilikuwa fyuzi ya buluu ya ampea 15, ndogo kama ukucha wa kidole gumba. Binti wa namba 42 akarudi na chenji yote, pamoja na kuku mwingine. Mjomba akakunjua gazeti juu ya mdomo wa gari, akaiweka fyuzi pembeni, akala, akalikunja gazeti na vilivyomo, akalitupia mbwa aliyekuwa akingoja kwa nidhamu kubwa.

Niliizungusha stata. Injini ilikoroma bila kuwaka, kama inavyopasa kukoroma injini isiyo na fyuzi ya EFI. Tuliyachambua mabaki ya gazeti, tukapata shingo, mapaja na tangazo la kazi, na Mjomba akawahoji wauzaji mmoja mmoja, halafu akamwinamia mbwa kwa namna ambayo siwezi kuiita kitu kingine ila mahojiano. Mwishowe fundi alikumbusha kwamba fyuzi ni ampea wala si jina, tukaichomoa ya buluu nyingine chini ya dashibodi, ile ya redio na kichomeo cha sigara, na gari likawaka mara moja, taa ikiwa imezimika.

Redio nayo ilikufa, na chaja ya simu pia. Mabira, Jinja, Iganga, Bugiri, kote huko nilisimuliwa habari za pensheni. Katikati ya barua ya tatu ya kukumbushia, taa ya injini iliwaka tena, na safari hii Mjomba hakutoa amri yoyote, kwani angelazimika kuikatiza hadithi.

Fundi wa Tororo alimwacha Mjomba afungue swichi, akasubiri lile giza refu, akahesabu kimoyomoyo.

"Mbili moja, tano moja," alisema. "Hiyo 21 ni sensa ya oksijeni kwenye ekzosi. Kompyuta isipoipata haiwezi kurekebisha mchanganyiko, ndiyo maana gari linakunywa. Hii 51 si ugonjwa. Hutokea kiyoyozi kikiwa kimewashwa wakati wa kupima, au mtu akiwa amekanyaga mafuta."

Kiyoyozi cha gari lile kilikufa kabla sijalinunua. Sote tuliinama kutazama buti la Mjomba, ambalo lilikuwa limeukandamiza mkanyagio wa mafuta hadi katikati. Alitueleza kwamba askari hawezi kukaa kwenye usukani huku miguu imelegea.

"Kumbe mashine imeniripoti mimi," alisema.

"Toa mguu, Afande." Akautoa, na taa ikabaki ikikonyeza 21 peke yake.

"Na lile jina langu litabaki humo kwenye faili lao?"

"Hapana, Afande. Nyingine hukaa kwenye kumbukumbu, lakini 51 haiwekwi akiba."

Mjomba alishuka taratibu, akaliweka faili lake kwapani, akaufunga mlango kwa nguvu ambazo Kikumi haijazizoea. "Hata hapa," alisema, "akiba hawaniweki."