Hakukuwa na ng'ombe, ilikuwa dagaa

Naandika goti limefungwa kitambaa maana kuna mtu (anajijua) ameshatupia kwenye magrupu matatu kwamba nimeparamia ng'ombe na baiskeli. Ng'ombe gani? Ilikuwa dagaa.

Ile baiskeli ya mzee mnaijua, yenye breki za fimbo za chuma. Ukibana inalia kama mbuzi anavutwa machinjioni. Sasa usiku wa kuamkia tukio nikasoma kwamba gesi ya heliamu ikigeuzwa kimiminika na kupoozwa mpaka kama nyuzi 271 chini ya sifuri inatiririka bila msuguano hata chembe, Mrusi Kapitsa kaligundua hilo 1937. Nikalala nimechangamka. Heliamu sina, ila nina oili chafu ya bodaboda kwenye chupa ya soda.

Asubuhi nikapaka. Mnyororo, ekseli, pedeli, na (msicheke kwanza) raba za breki na rimu zote mbili, si ndo zilikuwa zinalia? Nikazungusha gurudumu, nikabana, kimyaaa. Nikajiona injinia.

Anayeujua mteremko wa kushuka kutoka Bugando hapa Mwanza ameshaanza kunionea huruma.

Nikaachia, shati linapepea. Kufika kwenye kona nikabana breki ya mbele. Kimya. Nikabana na ya nyuma mpaka vyuma vikagusa usukani, nachungulia raba naiona kwa macho yangu imegusa rimu, na rimu inapita tu kama kambale mkononi. Nikakumbuka mbinu ya utotoni, unapeleka kandambili kwenye tairi la nyuma. Kumbe wakati napaka nilikanyaga oili. Kandambili ikateleza, ikachomoka, nikageuka nikaiona inabaki barabarani peke yake. Kengele ilishakufa zamani kwahiyo kengele nikawa mimi, "Breki hamnaaa!", bodaboda mmoja akanipisha na saluti akanipigia.

Mbele kuna mama katandaza dagaa kwenye turubai, anampimia mteja kwa kopo. Akaniangalia. Nikamwangalia. Nyie, yule mama hakupiga hata ukunga, alichukua kopo lake, akamvuta mteja mkono, wakasogea pembeni taratibu kama watu wanaopisha msafara. Nikaingia. Na dagaa wakavu wakirundikana wanakamata jamani, baiskeli ilisimama palepale, mimi nikaendelea.

Goti, kiwiko, suruali, elfu kumi na mbili ("Pole baba, ila hao uliowalalia unanunua"), paka wawili wakanisindikiza mpaka mlangoni, basi.

Fundi alicheka mpaka akakaa chini, ndo akanambia ule mlio ni raba inashika rimu inaachia, inashika inaachia, haraka haraka. Ukitaka ipunguze kelele safisha rimu, raba ipige msasa. Oili ikikaa katikati, mpira na chuma havikutani tena, sasa nini kikusimamishe? Kafuta rimu kwa petroli, kaweka raba mpya, kanichaji, halafu ndo huyohuyo kaenda kutangaza ng'ombe.

Leo nimeshuka palepale naikokota, breki nimebana kidogo, inalia kama zamani. Mama wa dagaa hakugeuka hata kuangalia ni nani. Akanyanyua kopo.