Soma Malalamiko ya Wateja wa Mshindani Wako

Mawinga wa Kariakoo walikuwa wanafanya dropshipping, yaani kuuza mzigo ulio kwa mtu mwingine, kabla hatujapata bando la kuangalia video za vijana wa Marekani wakijipiga picha na magari ya kukodi. Winga hana duka wala stoo. Anajua duka lipi Mtaa wa Aggrey lina kava gani za simu, anampata mteja, anaweka cha juu chake, mzigo unatoka kwa mwenye duka. Instagram na WhatsApp zimempanulia uwanja tu. Kwa hiyo mtu akiniuliza bidhaa gani inalipa mtandaoni, namrudisha kwenye swali la winga: jirani anauza nini, na kinamtoka kweli?

Hilo la "kinamtoka kweli" ndipo wengi wanapopigwa. Wafuasi wananunuliwa. "Mzigo umeisha" anaandika yeyote, hata ambaye hajauza kipande. Picha za miamala zinatengenezwa kwa simu dakika mbili. Vyote hivyo mimi sivihesabu.

Nahesabu pesa inayomtoka mfukoni. Meta, wenye Facebook na Instagram, wana maktaba ya matangazo iliyo wazi kwa kila mtu, hata asiye na akaunti. Unachagua Tanzania, unaandika jina la ukurasa au neno kama "blenda", yanakuja matangazo yanayolipiwa sasa hivi, kila moja na tarehe lilipoanza. Kwa matangazo ya kawaida ya biashara hapa kwetu huoni analipa kiasi gani, lakini tarehe inatosha. La wiki iliyopita ni majaribio. Lililoanza miezi minne nyuma na bado linakimbia, tena bidhaa ileile ina video tatu tofauti, huyo kuna kitu anapata. Mfanyabiashara mdogo halishi hasara miezi minne. Makampuni makubwa yaweke pembeni, yana bajeti ya kujionyesha.

Wanaolenga wateja wa nje wana ujanja mwingine. Kwenye maduka mengi ya mtandaoni yaliyojengwa kwa Shopify, ukiongeza /collections/all?sort_by=best-selling mwishoni mwa anwani ya duka, bidhaa zinajipanga kuanzia inayouzwa zaidi. Sawa, ila soko lenyewe limegeuka. Tangu tarehe 2 Mei 2025 vifurushi vya hadi dola 800 kutoka China vimepoteza msamaha wa ushuru Marekani, na tarehe 29 Agosti mwaka huohuo msamaha ukaondolewa kwa nchi zote. Kozi ya dropshipping iliyorekodiwa 2021 inakupigia hesabu za soko ambalo halipo tena. Aliyekuuzia sidhani kama ameirekodi upya.

Turudi Dar. Chukua blenda ndogo za kuchaji, zile za juisi ya mtu mmoja. Mshindani anauza 45,000, "usafiri bure, lipa mzigo ukifika". Tuseme Kariakoo kwa jumla unaipata kwa 28,000. Unaiona 17,000 inaning'inia pale, roho inadunda. Toa 7,000 ya tangazo kwa kila oda na 5,000 ya bodaboda, imebaki 5,000. Halafu katika oda tano mmoja anazima simu boda akiwa ameshafika Mbagala. Tangazo lake umelipia, na boda anataka ya kwenda na ya kurudi. Piga hesabu vizuri: oda tano zimekuachia 3,000, na bado hujanunua bando. Mshindani wako huenda ameagiza mwenyewe Guangzhou, China, kwake imesimama bei nyingine kabisa. Bei yake haikuambii chochote kuhusu faida yako.

Ndiyo maana nashuka kwenye maoni chini ya tangazo. "Bei?" na "mpo wapi?" naziruka. Natafuta wenye hasira. "Yangu imeanza kuvuja wiki ya pili." "Chaji haishiki." "Nimelipia tangu Jumatatu, kila siku kesho." "Ule mpira wa chini umepotea, mnauza?"

Malalamiko hayafanani. La chaji ni la kukimbia: mzigo wako utatoka kwenye maboksi yaleyale na hasira hizo zitahamia kwako. La "kila siku kesho" nalipenda sana, maana kulitatua hakuhitaji mtaji, kunahitaji mtu anayepokea simu na boda wa kuaminika. Ukiona ukurasa wenye tangazo la miezi minne na wateja wanaolia kucheleweshwa, hapo pana nafasi. Wapo wanaofuta maoni, kwa hiyo piga picha ya skrini mapema.

Kisha nunua kwake kimoja, kama mteja wa kawaida. Tazama anajibu WhatsApp baada ya muda gani, boksi limefungwaje, risiti ipo au haipo, na baada ya kulipa anakukumbuka au ndiyo basi. Faida nyingine: unaipiga video mezani kwako, huhitaji kuiba picha yake na kukata nembo. Watu wanaona, jamani.

Na ule mpira uliopotea? Kwangu ndiyo bidhaa. Blenda zimeshauzwa, nyingi zimelala kabatini kwa sababu ya kampira kadogo, na mwenye nayo aliyetoa 45,000 hatabishana sana nawe kuhusu elfu tatu. Inaingia kwenye bahasha, inapanda basi hadi Mwanza bila kusumbua, haina saizi nyingi kama nguo wala kioo cha kupasuka njiani. Ila pima kwanza kipenyo, maana zinafanana kwa macho lakini haziingiliani. Nenda nayo mkononi kwa mwenye duka la jumla, muulize kama anaileta peke yake, na kama haleti, kontena lijalo linaingia lini.