Maji ya kunywa si ya kuoshea miguu

Jamani, tumehamia dago, kambi yetu ya muda ya uvuvi, juzi tu na mimi nimeshachoka. Wala si kazi iliyonichosha. Kibanda tulikikuta makuti yameoza upande unaopigwa na kusi, tukaezeka siku moja, kwisha. Panya nao nimewazoea: unga tunauning'iniza juu kwa kamba, wao wanauangalia kutoka chini.

Kero yangu ni maji. Hivi visiwa vidogo vya huku Kilwa, jirani na Songosongo, si vya kuchimba kisima ukapata maji matamu. Tunachokunywa kinatoka bara kwenye madumu ya lita 20, kimepangwa juu ya nyavu, na mbebaji analipwa. Sasa kuna mwenzetu mmoja (jina nalihifadhi), akitoka baharini jioni anachota kopo la kwanza: miguu. La pili: uso. La tatu anasukutua, anatema mchangani, puu! Na bahari nzima iko nyuma yake hatua 10!

Ukimsemesha: "Kaka, chumvi inaniwasha."

Inakuwasha wewe peke yako? Sisi wengine tuna ngozi za papa?

Usiku natazama upande wa Songosongo kwenye mitambo ya gesi, ile inayokwenda Dar es Salaam tangu 2004, na mimi huku na kibatari changu nahesabu madumu. Jana yalikuwa sita. Leo manne. Na nahodha anasema mashua ya maji haitoki mpaka upepo utulie.