Fundi apimwe kwenye kompyuta au kwenye mashine yenyewe?

Pampu imezima. Fundi wa kwanza anang'oa kontakta (swichi ya sumaku inayowasha mota), anafunga mpya, anabonyeza swichi, pampu inawaka. Hajui kwamba wakati akihangaika, overlodi, kifaa kinachokata umeme mota inapozidiwa, iliyokuwa imekata ilipoa na kujirudisha yenyewe. Kesho pampu itazima tena. Fundi wa pili anapima kwanza kama umeme unafika kwenye koili ya kontakta, anafuata saketi hadi kwenye overlodi, kisha anatafuta kwa nini mota inavuta umeme mwingi. Msimamizi akitazama matokeo tu, wote wamefaulu.

Hapo ndipo simuleta, yaani programu ya kompyuta inayoigiza mashine na hitilafu zake, inaposhinda. Inahifadhi kila kipimo kilichochukuliwa na mpangilio wake, kwa hiyo anayebahatisha anaonekana. Wanafunzi wote wanapewa hitilafu ileile, na hata fezi moja (mmoja wa nyaya tatu za umeme wa mota) ikikatika hakuna mota inayoungua. Kwa chuo chenye mota mbili na wanafunzi 30, huu ni msaada mkubwa.

Lakini simuleta haijui hitilafu ambayo mtengenezaji wake hakuiwaza. Machi 28, 1979, katika kinu cha nyuklia cha Three Mile Island, Marekani, valvu ilikwama wazi na maji ya kupoozea yakawa yanatoka. Taa ya chumba cha udhibiti ilizimika, waendeshaji wakaamini valvu imefunga. Kumbe ilionyesha tu kwamba amri ya kuifunga imetumwa. Tume ya Rais iliyochunguza ajali hiyo, ikiongozwa na John Kemeny, ilibaini kwamba simuleta waliyofundishiwa haikuwa imepangwa kuigiza hali ile. Marekani haikuitupa simuleta. Ilizidi kuitegemea, ila kwa sharti kwamba ifanane na mtambo unaohusika, na waendeshaji wanapimwa humo mpaka leo.

Kwa ufundi wa umeme, upungufu unaonitia hofu zaidi ni mwingine. Kwenye kioo cha kompyuta, kugusa nyaya kabla ya kuhakikisha umeme umezimwa kunapunguza alama; kwenye paneli ya volti 400 kunaua. Wala kompyuta haitoi harufu ya koili iliyoungua, wala haikupi skrubu iliyolegea ambayo ukiipima volti zinasomeka sawasawa mpaka mzigo uwashwe.

Kwa hiyo nakubali simuleta ipime mpangilio wa fikra, na imfelishe mapema anayebahatisha. Cheti kisitolewe kabla mtahiniwa hajatafuta hitilafu moja kwenye paneli halisi, mtahini akiwa pembeni. Na hitilafu za simuleta zitokane na daftari za matengenezo za viwandani, ziongezwe kila mwaka.