Kuvuta si kubeba: minivani, trela na shehena ya familia

Waswahili wa Ontario, Kanada, tumeingia katika mambo ya kambi. Kila kiangazi nasikia familia nyingine ya kwetu, ya Malindi, ya Mambrui, ya Lamu, imenunua trela ndogo ya kulala, imeifunga nyuma ya minivani na kushika njia ya hifadhi ya Algonquin. Nafurahi kwa sababu watoto wetu wanaona maziwa na misitu ya nchi wanayokulia. Lakini pia nina hofu, maana wengi wetu tunapakia kama tungali stendi ya Malindi, na huku hakuna wa kutukemea.

Kwanza niwajibu wa nyumbani wanaouliza mtu na akili zake anaburura kitanda barabarani kwa nini. Kwetu ukitoka Malindi kwenda Lamu hubebi kitanda. Garsen kuna shangazi, Witu kuna mtu aliyesoma na kakako, na ukishavuka kwa boti kutoka Mokowe unapokewa na mkeka umeshatandikwa. Huku njiani hakuna shangazi. Watu saba hotelini ni vyumba viwili, tena kwa bei ya kuumiza. Trela ina maana yake, na mimi ni mtetezi wake. Ninalolilia ni namna tunavyoipakia na gari tunalolifungia.

Muuzaji mmoja wa trela aliwahi kuniambia, huku akilipigapiga bodi gari langu, kwamba litavuta bila shida. Alikuwa akisoma uzito wa trela tupu kwenye brosha. Trela tupu haina betri, mtungi wa gesi, maji, matandiko wala sufuria ya pilau. Lita moja ya maji ni kilo moja. Tangi la lita 80 likijaa umeshaongeza kilo 80 kabla hujatia hata kijiko. Nilimshukuru nikaenda zangu, na trela ile sikuinunua.

Minivani nyingi zinazouzwa Marekani ya Kaskazini, Toyota Sienna ikiwemo, zimeandikiwa kuvuta paundi 3,500, yaani karibu kilo 1,590. Namba hiyo ndiyo watu wanayoishika na kuitangaza. Lakini kuna namba nyingine, ndogo, kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva: uzito wa watu na mizigo kwa pamoja usizidi kilo kadhaa. Hiyo ndiyo inayowashinda wenye familia. Gari la familia mara nyingi halikosi nguvu ya kuvuta, linakosa nafasi ya kubeba.

Chukua minivani ambayo kibandiko chake kinasema kilo 590. Baba ana kilo 85, mama 70, watoto wanne jumla yao 133, na bibi aliyekuja kutoka Malindi ana 70. Hapo ni kilo 358 na hujafungua buti. Weka mabegi, sanduku la barafu, jiko na unga, kilo 100. Chuma cha kuvutia trela, kinachofungwa nyuma ya gari, kilo 20. Umefika 478. Sasa trela: ikiwa imepakiwa ina kilo 1,100, na pua yake, yaani ile sehemu ya mbele inayofungwa kwenye gari, inalikalia gari kwa asilimia 12, ambayo ni kilo 132. Jumla ni 610. Umezidisha kilo 20, ilhali trela yenyewe iko karibu kilo 490 chini ya kile gari linachoruhusiwa kuvuta. Watu wanaishia kwenye ile namba kubwa, wanaridhika, wanaondoka.

Tena zile kilo 132 hazikai katikati ya gari. Zinaning'inia nyuma ya ekseli ya nyuma, kwa hiyo ekseli hiyo inabebeshwa zaidi ya hizo 132, na tairi za mbele zinapunguziwa uzito. Minivani nyingi zinasukumwa na tairi za mbele. Ndizo zinazovuta, zinazokata kona na zinazofanya kazi kubwa ya breki. Taa zako zikianza kumulika matawi ya miti, na dereva wa mbele yako anakupigia honi kwa kumchoma macho, gari limekaa chini nyuma na usukani umekuwa mwepesi kuliko unavyopaswa.

Kupanga mzigo si elimu ngeni kwetu. Aliyekulia karibu na forodha ya Lamu amemwona nahodha akipakia jahazi. Anasimama, anaangalia maji yamefika wapi ubavuni, anawaambia mahamali wasogeze magunia ya saruji kuelekea omo, haya mawili yarudi tezi, boriti zishuke chini kabisa. Mwenye mali akitaka kuongeza gunia, nahodha anakataa na mjadala umekwisha. Trela inataka jicho hilohilo: kizito kikae chini, juu ya ekseli au mbele yake kidogo, na nyuma visalie vyepesi. Pua ichukue kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wote wa trela, na isipite kiwango cha chuma cha kuvutia wala cha gari. Hiyo ni hesabu ya huku Marekani ya Kaskazini. Ulaya wanatumia pua nyepesi zaidi na trela zao zimeundwa hivyo, kwa hiyo ushauri wa binamu aliye Uingereza usiuchukue mzimamzima.

Kupima pua hakuhitaji mtambo. Kwa trela ndogo, mizani ya bafuni yenye uwezo wa kutosha inafaa. Sisi huiegesha trela ikiwa imepakiwa kila kitu, mahali pa usawa, tukazizuia tairi zake kwa vipande vya mbao, kisha tunaweka mizani chini ya pua na gogo fupi juu yake, mpaka pua ifikie kimo kilekile inachokaa ikiwa imefungwa kwenye gari. Mke wangu ndiye msomaji wa mizani. Akitaja namba ndogo, tunasogeza sanduku la vyombo mbele. Ikiwa kubwa mno, linarudi nyuma shibiri moja au mbili. Sanduku moja tu likihama, namba inabadilika kwa kilo kadhaa. Ukitaka uhakika wa mzigo wote, nenda kwenye kituo cha malori chenye mizani ukapimwe gari na trela kwa pamoja, familia ikiwa ndani.

Pua ikiwa nyepesi, trela huenda mrama. Upepo wa ubavuni, mteremko, au lori kubwa linalokupita na kukusukumia hewa, mkia unaanza kucheza kushoto kulia, na kila mchezo unakuwa mkubwa kuliko uliotangulia. Mguu wa dereva unataka kukanyaga breki na mkono kuurudisha usukani huku na huku. Usifanye hivyo. Ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani sawasawa, acha mwendo ushuke wenyewe. Kama trela ina breki za umeme na gari lina kidhibiti chake chenye kitufe cha mkono, bonyeza breki za trela peke yake. Kisha simama mahali salama upange upya mizigo, kwa sababu tatizo liko ndani ya trela, na ukiendelea na safari litarudi.

Breki nazo zina habari yake. Ontario trela yenye uzito wa jumla wa kilo 1,360 au zaidi lazima iwe na breki zake, na mimi nasema hata ya chini ya hapo, ikiwa inavutwa na minivani, iwe nazo. Minivani nyingi hazitoki kiwandani na nyaya za breki hizo. Zina za taa tu, au hata hizo hazina. Fundi anayejua azifunge. Hapa ubahili hauna nafasi.

Kabla ya kuondoka nina desturi moja siiachi. Nikishafunga pua kwenye kirungu cha chuma na kusukuma komeo, naipandisha pua kwa jeki yake mpaka nione nyuma ya gari inanyanyuka kidogo. Ikinyanyuka, komeo limeshika. Minyororo miwili inapita kwa kupishana chini ya pua, ili pua ikichomoka iangukie juu yake badala ya lami. Tairi napima upepo zikiwa baridi. Tairi nyingi za trela zimetengenezwa kwa mwendo usiozidi kilomita 105 kwa saa, na mimi sifiki hata 100. Watoto wanaotaka kulala ndani ya trela safarini wanaambiwa hapana, na sheria ya hapa pia inasema hapana.

Sasa nyumbani. Kuna jambo la kwetu ambalo huku sijaliona, nalo ni macho ya watu. Ukipakia Toyota Noah vibaya pale Malindi, kabla hujafika barabara ya Mombasa utaambiwa na muuza madafu, na utingo wa matatu, na mzee aliyekaa barazani: mwanangu, gari limelemea. Huku unaweza kuvuka Ontario nzima mkia ukiburuzika na kila mtu anakupita kimya. Namba zimeandikwa, lakini umeachiwa wewe na dhamiri yako.

Hata hivyo macho peke yake hayatoshi, na hapa nitawaudhi baadhi ya ndugu zangu. Lori linalokwenda bara lina mizani ya Mariakani. Noah iliyojaa haina Mariakani yake. Kanuni za Michuki, aliyekuwa waziri wa uchukuzi, zilipoanza kutumika Februari 2004, matatu zilifungwa vidhibiti mwendo vya kilomita 80 na mikanda, na abiria wakahesabiwa kwa viti. Lilikuwa jambo jema sana. Lakini walihesabiwa watu, kilo hazikuhesabiwa, na gari la familia halikuguswa. Mtu ananunua Noah au Voxy iliyotoka Japani, anafungua dashibodi anakuta kitabu cha Kijapani mwanzo hadi mwisho. Kibandiko nacho ni Kijapani. Kisha kwa fundi anachomelewa chuma nyuma ili avute mashua au trela ya mizigo. Kilo ngapi? Fundi anaangalia injini na kusema itavuta.

Tangu barabara ya Garsen, Witu hadi Mokowe itiwe lami watu wanakimbia, na matuta hayajaisha. Kwenye tuta pua ya trela inashuka ghafla na kuibebesha ekseli ya nyuma zaidi ya ilivyopimwa, na kile chuma cha kuchomelea ndicho kinachopokea pigo. Siwezi kukubali tuseme kupima kilo ni mambo ya ughaibuni tu.

Ninachoomba kinawezekana mwaka huu. Wanaoleta magari Mombasa, wanapomkabidhi mteja ufunguo, wamkabidhi na karatasi moja ya Kiswahili iliyotolewa kwenye kitabu cha gari lenyewe: linabeba kilo ngapi watu wakiwemo, na linaruhusiwa kuvuta kilo ngapi, au haliruhusiwi kabisa. Na fundi aiombe karatasi hiyo kabla hajawasha mashine ya kuchomelea.